Gari la Njia Mbovu: Chuma Tupu au Kompyuta?

Anayetafuta gari la njia mbovu siku hizi hurudi nyumbani na ushauri wa kila namna. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, atamwambia anunue Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ na asimsikilize mtu mwingine. Muuzaji wa magari mapya atamwonesha skrini, kamera za pande zote na kitufe cha kuchagua matope, mchanga au mawe. Mfadhili wa mradi atauliza kama kuna mifuko ya hewa. Mhasibu atataka kujua linakula lita ngapi. Dereva, ambaye ndiye atakayelala nalo porini likiharibika, mara nyingi haulizwi kabisa.

Mkanganyiko umezidi kwa sababu watengenezaji wenyewe wanavuta huku na huku. Land Rover ilisitisha Defender ya zamani Januari 2016, kisha Septemba 2019 ikazindua mpya iliyojaa kompyuta kwa jina lilelile. Agosti 2023 Toyota ikatangaza Land Cruiser 250, ile inayochukua nafasi ya Prado, ikisema inalirudisha gari hilo kwenye asili yake ya kazi. Wakati huohuo, Land Cruiser 70, gari la kazi kuliko yote waliyo nayo, ikaongezewa gia za otomatiki na skrini kubwa. Aliyekuwa akidhani gari la shida na gari la starehe ni koo mbili zisizooana, sasa haoni tena mpaka uko wapi.

Ugomvi huu wa chuma na kompyuta unaficha swali lenye uzito zaidi. Kifaa kikifa, gari linaendelea kutembea au linasimama? Na likisimama, mtu aliye karibu ataweza kuliwasha?

Tulikotoka

Magari haya yalizaliwa na vita. Jeep ya Willys iliundwa kwa ajili ya jeshi la Marekani kuanzia 1941. Vita vilipokwisha, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover ya Uingereza akabuni Land Rover, ikaoneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa kikitolewa kwa mgao. Toyota ilianza 1951 na gari lake la BJ; jina la Land Cruiser likaja 1954. Wabunifu wa magari hayo hawakuchagua urahisi kwa sababu ya falsafa yoyote. Hakukuwa na kingine cha kuweka.

Afrika Mashariki ilianza kwa Land Rover: ya bwana shamba, ya misheni, ya askari wa wanyamapori. Zilifika hata kuunganishwa Thika, kwenye kiwanda cha Leyland Kenya. Polepole Toyota ikaitwaa nafasi hiyo, na sababu kubwa haikuwa siri: ilivunjika mara chache zaidi, na spea zake zilipatikana. Land Cruiser 40 ilistaafu 1984, na Novemba mwaka huo ikaja 70, ambayo bado inatengenezwa. Pikapu yake ya 79 huunganishwa Mombasa.

Hapa ndipo mzizi wa mkanganyiko ulipo. Baada ya hapo jina la Land Cruiser lilibeba familia mbili. Moja ni hiyo 70, ndiyo mkonga, iliyobaki na chesisi nzito, ekseli nzima na vioo vya kuzungusha kwa mkono. Nyingine ni ile ya 80, 100, 200 na sasa 300, iliyopanda ngazi hadi kuwa mashangingi ya wakubwa. Land Cruiser 300, iliyozinduliwa Juni 2021, ina injini ya dizeli ya V6 yenye turbo mbili, na baadhi ya matoleo yake huwashwa kwa alama ya kidole. Mtu anaposema "Land Cruiser haifi," muulize ni ya familia ipi.

Wanaotetea chuma tupu

Anayetetea gari rahisi hana haja ya maneno mengi, anafungua boneti. Injini ya 1HZ, iliyoanza kutumika 1990, ni dizeli ya silinda 6 yenye ujazo wa lita 4.2, haina turbo, na hutoa nguvu za farasi kama 130 tu. Pampu yake ya dizeli huzungushwa na injini yenyewe. Ikishawaka, umeme inaouhitaji ni ule mdogo wa kushikilia njia ya mafuta iwe wazi. Hakuna kompyuta ya kuipimia inywe kiasi gani. Na kwa kuwa injini kubwa inatoa nguvu ndogo, chuma hakisukumwi karibu na ukomo wake. Uimara unaosifiwa umetoka hapo zaidi kuliko kwenye siri yoyote ya Kijapani.

Chini ya bodi mambo ni yaleyale. Nyuma kuna springi za bapa zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Moja ikikatika, hufungwa kwa kamba za mpira au waya, na gari likafika mjini likienda upande. Betri ikifa, watu wanne wanasukuma, dereva anaachia klachi, safari inaendelea. Fundi wa Unga Limited, Arusha, ataikata chesisi, aongeze urefu, aweke siti saba na paa la kufunguka, na gari halitajua kwamba limebadilishwa. Jambo hili la mwisho linadharauliwa, lakini sekta nzima ya utalii wa kaskazini mwa Tanzania imesimama juu yake. Hata Shirika la Afya Duniani, lilipoidhinisha Machi 2021 gari la kwanza la kusafirishia chanjo kwa ubaridi, gari hilo lilikuwa Land Cruiser 78, ya familia hiyohiyo ya 70, iliyofungwa friji yenye betri yake yenyewe. Waliotaka chanjo ifike walianza na gari ambalo kila mtu anajua kulitengeneza.

Hata hivyo, sifa za gari hili zimetiwa chumvi. Kwanza, linaharibika. Sahau kubadilisha mkanda wa taimingi wa 1HZ, na vali zitakutana na pistoni. Sili za ekseli ya mbele huchoka, grisi ikachanganyika na maji ya mito, na beringi zikaanza kulia. Land Rover One Ten ndiyo usiseme: mwenye nayo anaijua namba ya fundi wake kwa kichwa. Ubora wa magari haya ni kwamba hitilafu zake zinaonekana, zinasikika, na zinatengenezeka kwa spana. Anayeambiwa kwamba hayaharibiki anadanganywa.

Pili, injini isiyo na turbo hupungukiwa pumzi mlimani. Kwa kila mita 1,000 za mwinuko hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu zake. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko juu ya mita 2,200. Farasi 130 wa pwani wanafika pale wakiwa kama 100, na gari limebeba watalii sita, mizigo na maji. Yeyote anayefanya kazi Mbeya, Kivu au nyanda za juu za Burundi anaijua gia ya pili kuliko anavyotaka.

Tatu ni usalama, na hapa watetezi wengi hunyamaza. Defender ya zamani iliishi maisha yake yote hadi 2016 bila mfuko mmoja wa hewa. Land Cruiser 78 nyingi zinazobeba watu vijijini zina mabenchi ya pembeni nyuma, abiria wakitazamana, bila mkanda. Gari refu, zito kwa juu, lenye ekseli nzima na breki za zamani, likikwepa mbuzi katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, halina cha kulisaidia ila mikono ya dereva.

Wanaotetea kompyuta

Hoja ya upande huu imeharibiwa na wauzaji wanaoanza kuzungumzia viti vya kupoza mgongo. Ina nguvu zaidi ya hapo.

Barabara zetu zimebadilika. Isiolo hadi Moyale, njia iliyokuwa ikisifika kwa kuvunja malori, sasa ni lami. Dodoma hadi Babati ni lami. Safari ya kawaida ya mradi au ya mwenye shamba leo ni saa nne au tano za lami, kisha kipande cha mwisho cha vumbi, makorongo na tope. Gari lililobuniwa kwa kile kipande cha mwisho linatumia muda mwingi kwenye lami, na huko ndiko liko hatarini zaidi. Mfumo wa kompyuta unaolizuia gari lisipoteze mwelekeo, ambao Ulaya iliufanya kuwa lazima kwa magari yote mapya kuanzia 2014, uliwekwa kwa sababu za namna hiyo. Kelele, joto na mtikisiko wa saa nane vinamchosha dereva, na dereva aliyechoka hufanya makosa. Kiyoyozi na kiti kizuri, kwa mtazamo huo, vinahesabiwa pamoja na breki.

Hata kwenye tope lenyewe kompyuta ina cha kusema. Difu ya kawaida ina tabia mbaya: huupeleka mzunguko kwenye gurudumu lililo jepesi kuzunguka. Gurudumu moja likining'inia hewani, ndilo linalozunguka, na lile lililokanyaga imara linakaa kimya. Tiba ya kale ni kuifunga difu, kwa loki, ili magurudumu yote mawili yazunguke kwa lazima. Tiba ya kisasa hutumia sensa zilezile za ABS: kompyuta inagundua gurudumu linalozunguka bure, inalikamata kwa breki, na nguvu inahamia upande wa pili. Dereva mgeni, ambaye hajui hata loki huwashwa lini, anavuka pale ambapo angezama.

Kila tiba ina bei yake. Loki hufanya kazi kabla gurudumu halijateleza, lakini inahitaji dereva anayejua, na ukiisahau kwenye lami unaweza kuvunja ekseli. Kompyuta husubiri utelezi uanze, na ikitumika muda mrefu huchemsha breki. Kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, ambako unahitaji mwendo usiokatika, kompyuta inayopunguza nguvu kila gurudumu likiteleza inaweza kuwa ndiyo inayokuzamisha. Magari mengi yana kitufe cha kuizima kwa sababu hiyohiyo, na madereva wengi hawakijui kilipo.

Kwa vipimo vitupu, la kisasa linashinda mara nyingi. Defender ya zamani iliidhinishwa kuvuka maji ya kina cha milimita 500. Mpya huvuka milimita 900. Wanaoiita gari la kupelekea watoto shule waukumbuke mto. Turbo nayo hairuhusu mwinuko kuinyang'anya injini nguvu kwa kiasi kile. Injini ya Toyota ya lita 2.8 inayofungwa sasa kwenye baadhi ya Land Cruiser 70 hutoa mvuto wa nyutonimita 500, wakati 1HZ yenye lita 4.2 haifiki 300. Injini ndogo, gia laini, dizeli kidogo, nguvu zaidi. Kwenye karatasi hakuna ubishi.

Linapozima

Karatasi, bahati mbaya, haiharibikii porini. Ili kupima haki, inafaa kuacha kuhesabu vifaa na kuangalia kila kimoja kinapokufa hufa vipi.

Vipo ambavyo vikifa unaumia wewe, gari haliumii: kiyoyozi, redio, kioo cha umeme, kamera. Fundi anayekuambia usinunue gari kwa sababu lina vioo vya umeme anakupotezea muda. Vipo ambavyo vikifa gari linarudi kuwa la zamani: ABS, usaidizi wa kuteremka mlima, kompyuta ya kuzuia utelezi. Taa inawaka kwenye dashibodi, unaendelea kwa uangalifu kama walivyoendelea wazee. Kundi la tatu ndilo la kuogopa. Humo mna kompyuta ya injini, sensa inayosoma mzunguko wa kranki, pampu ya dizeli ya shinikizo kubwa, kompyuta ya gia, ufunguo wa kielektroniki unaokataa kutambuliwa, na springi za hewa zikitoboka. Moja ya hizo ikienda, umesimama.

Mtetezi wa chuma tupu huyatia makundi yote matatu kapu moja. Muuzaji naye huyapitisha yote kama vitu vya kundi la kwanza.

Kuna kisa kimoja cha kujifunzia. Mwaka 1998 Defender iliacha injini ya 300Tdi, dizeli ya mwisho kwake isiyo na kompyuta, ikaingia Td5. Mafundi wengi waliitangaza kuwa mwisho wa Land Rover Afrika. Baadaye ikajulikana kwamba moja ya maradhi yake makuu ni la kuchekesha: mafuta ya injini hupanda taratibu ndani ya nyaya za nozeli hadi yafike kwenye plagi ya kompyuta, na gari likaanza kukohoa. Tiba ni kuchomoa plagi, kuisafisha, na baadaye kubadilisha kipande cha nyaya ndani ya injini. Likishajulikana, likawa kazi ya nusu saa. Kumbe umeme nao hufundishika. Fundi aliyeogopa kompyuta mwaka 1998, leo ana mashine ndogo ya kusomea hitilafu kutoka China iliyofungwa kwenye simu yake, na kijana wake wa gereji anaitumia vizuri kuliko yeye.

Kisa cha pili kinaelekea upande mwingine. Discovery 3, iliyotoka 2004, ilikuja na springi za hewa zinazoinuka na kushuka kwa amri ya dereva. Zikiwa nzima, ni raha na ni msaada porini. Zikitoboka, gari hukaa chini. Wapo wenye nayo walioishia kuzing'oa na kufunga springi za koili. Tofauti na Td5, hapa ujuzi pekee hautoshi: unahitaji spea ambayo ni ya gari hilo tu, na haifanani na ya gari lingine lolote lililoko wilayani.

Kwa hiyo kuwapo kwa umeme si tatizo kubwa kama inavyosemwa. Yako mawili makubwa zaidi. La kwanza ni kufungamana: sensa moja ya bei ndogo ikitoa taarifa mbaya, kompyuta inapunguza nguvu za injini yote ili kuilinda, na gari lenye uwezo wa kupanda mlima linatambaa kwenye tambarare. La pili ni kufuli. Magari mengi ya kisasa hayaipokei spea mpya, hata iwe halisi, mpaka itambulishwe kwenye kompyuta kwa mashine ya wakala. Wakala yuko Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Gari liko Loliondo, au Lodwar, au ng'ambo ya Bunia. Umbali huo ndio bei halisi ya kompyuta, na haumo kwenye ankara.

Dizeli, masizi na sheria

Kipo kitu kinachoamua jambo hili bila kutuuliza, nacho ni sheria za hewa. Injini rahisi za dizeli zinatoka sokoni kwa sababu haziwezi kutimiza viwango vya moshi vya Ulaya na Japani. Ili kuvitimiza, dizeli inarushwa kwenye silinda kwa shinikizo la zaidi ya baa 2,000 kupitia matundu madogo mno, na moshi unapitishwa kwenye chujio la masizi ambalo hujisafisha kwa kuyachoma yale yaliyokusanyika.

Nozeli za namna hiyo haziwezi kuvumilia maji wala mchanga. Chujio nalo linataka dizeli yenye salfa kidogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifanya jambo kubwa hapa: tangu Januari 2015 kiwango cha salfa kwenye dizeli kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni, jambo ambalo nchi nyingi za bara hili zilikuwa bado hazijalifikia. Kwa hiyo ile hoja kwamba "dizeli yetu haifai" imepungua nguvu kwa vituo vya mijini. Inabaki na nguvu kamili kwa dizeli iliyokaa kwenye pipa Mpanda tangu kiangazi, au iliyovuka mpaka kwa madumu. Huko chujio la maji na mchanga, la ziada, lina faida kuliko skrini yoyote.

Wanaoamini kwamba nembo ya Toyota inatosha kuwa kinga waiangalie Australia. Mwaka 2022 mahakama ya shirikisho huko iliamua dhidi ya Toyota katika kesi ya magari zaidi ya 260,000 ya Hilux, Fortuner na Prado ya dizeli, yaliyouzwa kati ya 2015 na 2020, kwa sababu machujio yake ya masizi hayakuwa yakijisafisha ipasavyo katika mwendo wa kawaida wa barabara kuu. Yale yalikuwa magari ya kazi, ya kampuni yenye sifa kuliko zote, katika nchi yenye mawakala kila mji.

Na kwa Kenya, chaguo linabanwa zaidi. Magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8 hayaruhusiwi kuingia, wakati Japani yenyewe iliacha kuuza Land Cruiser 70 mwaka 2004, ikairudisha kwa muda mfupi 2014 ikiwa na injini ya petroli, kisha tena 2023. Anayetaka mkonga ya dizeli isiyo na kompyuta anunue mpya kwa wakala, kwa bei ya mpya, au aingie kwenye soko la ndani la zilizochoka, ambako bei hazina huruma. Prado ya lita 2.8 yenye chujio la masizi inapatikana bandarini kwa wingi. Wengi wanaodhani wamechagua gari la kisasa wamechaguliwa na kalenda.

Waliojaribu kukaa katikati

Jim Ratcliffe, tajiri wa Uingereza mwenye kampuni ya kemikali ya Ineos, alikasirishwa na kufa kwa Defender, akaanzisha gari lake mwenyewe, Grenadier, jina lililotoka kwenye baa ya London. Lina chesisi nzito, ekseli nzima, vitufe vikubwa unavyoweza kuvibonyeza ukiwa na glavu. Lakini injini ni ya BMW, ya silinda 6 yenye turbo, na gia za otomatiki za ngazi 8 ni za ZF. Kwa nje limevaa kanzu ya 1984, kwa ndani linaongea Kijerumani cha kisasa. Kosa halikuwa la Ratcliffe. Injini rahisi inayoruhusiwa kuuzwa Ulaya haipo tena, hata kwa mwenye mabilioni.

Suzuki Jimny ya 2018 imekaribia zaidi. Ina chesisi, ekseli nzima, injini ya petroli ya lita 1.5 isiyo na turbo, na uzito wa kilo kama 1,100 tu. Wepesi huo unaifaa kwenye tope kuliko kompyuta nyingi. Haibebi watu wengi wala mizigo mingi, na huo ndio mwisho wa habari zake kwa shirika au kampuni ya utalii. Kwa daktari wa mifugo anayezunguka peke yake, ni gari la akili sana.

Jaribio la kushangaza zaidi limetoka Kenya. Kampuni ya Opibus, ambayo sasa inaitwa Roam, iling'oa injini za dizeli kwenye Land Cruiser na Land Rover za utalii na kufunga mota za umeme. Mota haina mkanda wa taimingi, nozeli wala chujio la masizi, na haijali mwinuko. Inaendeshwa na kompyuta kabisa, na bado ina vitu vichache vya kuvunjika kuliko 1HZ. Betri na umbali wa safari vinaiwekea mipaka, na kwa sasa inafaa zaidi kambi zinazozunguka eneo moja. Lakini inavunja ile imani kwamba kila kilicho cha kale ndicho rahisi.

Anayelipa na anayekaa kiti cha nyuma

Hesabu za fedha hufanywa vibaya pande zote. Mkonga ni ghali kununua na inakunywa, lakini hushikilia bei yake ikiuzwa, na siku zinazopotea gereji ni chache. La kisasa linaokoa dizeli kila siku, kisha siku moja linaomba seti nzima ya nozeli. Mwenye gari moja anaumizwa na siku hiyo. Mwenye magari ishirini ya aina moja anaweza kuweka nozeli za akiba stoo na kumlipa fundi mmoja asomee kompyuta hizo. Kampuni yenye magari kumi ya aina sita tofauti, hata yote yawe rahisi kiasi gani, imejitafutia matatizo kuliko yenye aina moja ya kisasa.

Kuna pia gharama ambayo haiandikwi. Katika ofisi nyingi, za serikali na za mashirika, gari huchaguliwa na atakayekaa kiti cha nyuma. Ndiyo maana wilaya yenye kilomita 15 za lami hupokea shangingi lenye tairi za kipimo kisichouzwa mkoani, wakati gari la wagonjwa likisubiri klachi. Hapo si teknolojia iliyokosea.

Uamuzi

Kwa anayeishi zaidi ya siku moja ya safari kutoka kwa wakala, na dizeli yake inatoka kwenye mapipa, mkonga bado haina mshindani. Anunue hiyo, lakini afunge siti zinazotazama mbele zenye mikanda, ashushe mwendo kwenye lami, na asidanganyike kwamba uzee wake ni ulinzi.

Kwa anayetumia sehemu kubwa ya safari kwenye lami na kujaza dizeli kwenye vituo vinavyoaminika, gari la kisasa lenye springi za koili, si za hewa, ndilo la busara. Kuendelea kupakia familia au wafanyakazi kwenye Land Rover ya miaka thelathini kwa ajili ya mapenzi ni kuwachezea kamari watu wasioombwa ridhaa.

Kampuni za utalii za kaskazini zina sababu nzuri ya kubaki na 70. Zile zenye kambi za kudumu ndani ya hifadhi zina sababu nzuri zaidi ya kuijaribu mota ya umeme sasa, kabla chesisi zao hazijaisha. Hilux na Prado za dizeli mpya zinafaa wengi, ila mwenye nazo ajue kwamba chujio la masizi halipendi safari fupi fupi za mjini, na akiliona limewasha taa asilipuuze.

Na yeyote anayekaribia kulipa, mpya au lililotumika, amuulize muuzaji mambo matatu na asikubali kujibiwa kwa brosha. Vitu gani vikifa gari hili linasimama palepale? Fundi wa karibu na ninapoishi anaweza kuifunga spea yake bila kumpigia wakala? Betri ikiisha katikati ya pori, nitaliwashaje? Muuzaji asiyeweza kujibu swali la tatu asilipwe leo.